Msuko Uliokataa Helmeti

Fuseina amekuwa msusi wangu hapa Tamale, kaskazini mwa Ghana, kwa miaka kumi na moja. Mikono yake ni myepesi, na enzi zile ulimi wake haukumwacha mtu salama. Ungeketi kwenye kiti chake uchekwe mpaka ucheke na wewe.

Ijumaa moja alimsuka Rahinatu, mwalimu wa chekechea, rafiki yake tangu utotoni. Mdogo wake Rahinatu alikuwa anaolewa siku hiyo, kwa hiyo dada mtu akataka msuko wa kwenda juu, shubiri nzima. Nilikuwepo, nasubiri zamu yangu. Kazi ilipokwisha, Rahinatu alijaribu kuvaa helmeti yake ya pikipiki. Haikuingia.

"Nikiilazimisha nitafika arusini kama nimetoka kupigana," alisema.

"Ukiniharibia kazi yangu usirudi hapa," Fuseina akamjibu. "Iache. Kwenu si hapo tu?"

"Na polisi wa pale mzunguko? Sheria wameikazia siku hizi."

"Saa hizi wanaswali. Na kwa uzuri huo, shoga, watakupigia saluti."

Tulicheka wote watatu. Rahinatu akawasha pikipiki, akaondoka.

Hata mzunguko hakuufikia. Mbuzi alikatiza barabara, Rahinatu akamkwepa, akaanguka na kujigonga kichwa kwenye ukingo wa mtaro. Mikono na miguu haikuwa na mchubuko. Alifia hospitali kabla ya alasiri.

Jioni maiti ikarudishwa kwao, nyumba ingali na mapambo. Kabla ya kuoshwa, nywele zilitakiwa zifumuliwe, na shangazi zake walishindwa hata pa kuanzia. Wakamwita Fuseina. Nilimsindikiza.

Mama yake Rahinatu alikuwa ameketi karibu na kichwa cha mwanawe.

"Mama," Fuseina akasema, "mimi ndiye niliyemwambia aiache helmeti."

Yule mama akasogea kidogo, akampisha.

"Fumua polepole," alisema. "Alikuwa hapendi kuvutwa nywele."

Fuseina akafumua, msuko mmoja mmoja, mpaka mwisho.

Siku hizi anasuka misuko ya kulala kichwani tu. Ukitaka ya juu anakataa, na hasemi kwa nini. Wateja wengi wamemhama. Mimi bado naenda. Siku ile nilicheka pia, na mpaka leo hatujawahi kulizungumza.