Shayiri ya Fundi Springi

Mtaani walimwita Fundi Springi, kwa kuwa alitengeneza makochi. Mpe mto auminye huku amefumba macho, atakwambia kama ndani kuna sponji nzima au vipande vya kuokoteza. Mkewe alipoondoka kwenda kumuuguza dada yake na kumwachia Fundi mabinti wao wawili, hakubabaika. Jumamosi akaingia nao dukani kifua mbele.

Kwenye rafu ya nafaka za asubuhi, zile za boksi za kumwagia maziwa, binti mdogo alikumbatia boksi lenye picha ya kasuku.

"Baba, hii ina vitamini. Wameandika hapa."

"Hata kochi bovu huandikwa imara, mama." Akaligeuza boksi. Kwa herufi za kusomwa na sisimizi, sukari ilitajwa ya pili kwenye orodha ya viungo, kisha chini kidogo ikaja asali. "Unaona? Sukari imeingia kwa mlango wa mbele, ikarudi tena kwa mlango wa nyuma."

Binti mkubwa, mwenye ulimi mwepesi, aliinua pakiti ya shayiri isiyo na picha yoyote. "Kwa hiyo tule hii ya wagonjwa?"

"Tunabeba zote. Kiti hujulikana kwa kukikalia."

Jumatatu walikula ya kasuku, wakafurahi. Lakini kabla jua halijapanda, Fundi akiwa karakana, misumari midogo midomoni, tumbo lilinguruma mpaka mteja akageuka. Jioni mdogo naye alilalamika kuwa njaa ilimshika darasani mapema.

Kesho yake akapika shayiri. Maji yalizidi, moto ukazidi, na kilichotoka sufuriani kilivutika.

"Baba, hii si ndiyo gundi ya kubandikia sponji?" akauliza mkubwa.

Mdogo alisukuma bakuli. Fundi alilimaliza la kwake lote, uso mkavu, maana hakuwa mtu wa kukimbia kazi yake mwenyewe. Alipofika karakana alipigilia kochi zima bila kukumbuka tumbo. Hapo akajua kuwa nafaka haina kosa, mpishi ndiye mwenye kosa.

Jumatano alipunguza maji, akakoroga taratibu, akakatia ndizi mbivu na kutupia karanga. Mdogo alionja kwa ncha ya kijiko, kisha akalamba bakuli.

"Leo umepatia," akasema mkubwa, na kwa yule binti hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Mama yao aliporudi, alikuta wanagombania nani akate ndizi. Akaketi, akala akiwa bado na vumbi la safari. Halafu akasogeza bakuli tupu kuelekea kwa mumewe.

"Nani kakufundisha?"

"Nimejifundisha," akasema Fundi, akiinuka kubandika sufuria tena. "Subiri kidogo, mama watoto. Hii haitaki haraka."