Ukurasa Ulioachwa Wazi Falemoana

Tangu programu ya kumbukumbu za chanjo ipate toleo jipya, kompyuta ya chumba cha sindano katika hospitali ya Falemoana, kisiwani Savai'i, ilikuwa kigeugeu. Muuguzi aliandika chanjo ya mtoto, akabonyeza kuhifadhi, na nusu dakika baadaye maandishi mekundu yakatokea: muamala umeshindikana. Akirudia baada ya robo saa, kazi ilipita bila kinyongo. Jumatatu mtoto mmoja aliponea chupuchupu kuchomwa sindano ileile mara mbili, kwa kuwa ya kwanza haikuwa imeingia kwenye kumbukumbu.

Fereti, msimamizi wa hospitali, hakuona haja ya uchunguzi.

"Ni Lagi wa mapokezi, yeye ndiye hufungua kurasa za familia," alimwambia Sinapati, fundi wa kompyuta aliyehitimu chuo cha ufundi mwaka uliotangulia. "Vidole vyake vimezoea kukuna nazi. Ijumaa namhamishia stoo ya mashuka."

"Nipe hadi Ijumaa hiyo, bwana mkubwa."

"Chukua. Lakini usiniletee hadithi, niletee jibu."

Stoo ya mashuka ilikuwa mahali pa kusubiria kustaafu, na Lagi alikuwa amekaa mapokezini miaka ishirini na sita.

Sinapati alikagua nyaya, mtandao na mashine kuu. Vyote vilikuwa vizima. Akachapisha orodha ya makosa, kumi na saba kwa jumla, akayapanga kwa saa. Jumanne alasiri, Lagi alipokwenda mazishini, hapakuwa na kosa hata moja. Akaikunja karatasi hiyo bila kumwonyesha mtu.

Alhamisi aliketi kwenye benchi la mapokezi na daftari lake.

"Unanichunga, mwanangu?" Lagi aliuliza.

"Naichunga kompyuta, mama."

"Ichunge vizuri, isije ikatorokea Auckland kama wanaume wetu."

Saa nne aliingia mzee Tuiasau, chifu wa ukoo mkubwa, pamoja na mkwe wake na wajukuu wawili. Lagi alifungua ukurasa wa familia yao, akawaelekeza mama na watoto chumba cha sindano. Mzee akaketi mkekani, akaanza salamu. Mtu aliyelelewa hamjibu chifu akiwa amesimama nyuma ya meza, akimtazama utosini. Lagi akazunguka, akaketi mbele yake.

"Umenenepa, Lagi."

"Ni panikeke, haya maandazi ya misibani, mheshimiwa. Mwaka huu mnatuzidishia mialiko."

Mzee alikuwa bado anacheka, mara sauti ya muuguzi ikasikika kutoka ndani: "Imekataa tena!"

Sinapati aligeuka kutazama meza. Ukurasa wa familia ulikuwa wazi, na hapakuwa na mtu wa kuugusa. Akainama, akapita mbele ya wakubwa kwa kuomba radhi, akaufunga.

"Jaribu sasa!"

"Imeingia!"

Tabasamu la Lagi lilififia. "Kumbe ni mimi."

"Mama, umeketi hivi na wageni tangu lini?"

"Tangu niajiriwe."

"Na makosa yameanza mwezi huu."

Toleo la zamani lilishika ukurasa wa familia pale tu mtu alipobonyeza kuhifadhi. Jipya liliushika tangu ulipofunguliwa hadi ulipofungwa. Mwingine aliyetaka kuandika humo alisubiri nusu dakika, kisha akatupwa nje. Sasa alipojua cha kutafuta, Sinapati alirudi kwenye orodha, akaangalia ni kompyuta gani iliyoshikilia ukurasa kila mara.

Ijumaa asubuhi Fereti alimsikiliza hadi katikati.

"Si nilisema ni yeye!"

"Kumi na mbili ni meza yake, bwana mkubwa. Tano ni ofisi hii."

"Ofisi hii ipi?"

"Hii tuliyomo. Jumatano ulifungua ukurasa wa familia ya mchungaji, akaingia mwenyewe kukuona, mkaenda kunywa kakao."

Fereti alikohoa. "Sasa ulitaka nimsalimie mchungaji huku nikitazama skrini?"

"Hapana. Ndiyo maana tatizo si la mtu."

Usiku uliopita alikuwa ameshajaribu marekebisho kwenye nakala ya kumbukumbu, ukurasa ushikwe pale tu mtu anapohifadhi, kama zamani, na yalikuwa yamekubali. Fereti alisoma taarifa yake mara mbili, akaitia sahihi, na marekebisho yakawekwa kabla ya saa sita. Wiki mbili zilipita bila maandishi mekundu. Barua ya uhamisho haikuandikwa, na Lagi aliendelea kuwapokea wageni akiwa ameketi nao mkekani.