Mtungi wa Kupozea Kompyuta

Chekeni mkitaka, mimi sijutii hata kidogo. Kompyuta yangu hapa nyumbani Nachingwea nilikuwa nimeiongezea kasi kuliko ilivyotengenezwa, ili video za harusi ninazohariri zitoke haraka. Ikawa inachemka na kujizima kila mara, maana feni yake ilikuwa inapuliza joto tu.

Nikawaza kuipoza kwa maji. Jirani yangu Saidi, fundi redio, akashika kichwa. "Maji na umeme, bwana? Utaunguza nyumba!"

"Kwani gari linapozwa na nini? Uji?"

Nikafunga pampu ndogo ya gari bovu, mipira miwili myembamba ya maji na kibati cha shaba cha kunyonya joto la kompyuta. Yakabaki maji ya baridi. Friji sina, ila mtungi wetu wa kunywea upo kwenye kona ya sebule, na hakuna kinachopoza maji kama mtungi. Nikaizamisha mipira humo wakati mke wangu, Somoe, amekwenda stendi kumpokea mama yake kutoka Mbekenyera. Gari lao likachelewa, na mashine ikakimbia mchana kutwa bila kuzima. Nilijiona mhandisi!

Mama mkwe akafika na kiu yake, akajichotea kata nzima. Nilitaka kupiga kelele, lakini mbele ya mkwe mtu huinamisha macho. Nikainamisha.

Akapiga funda moja, akaishusha kata.

"Somoe, mwanangu, siku hizi mgeni mnamnywesha maji ya kuoga?"

Somoe akafunua mtungi, akaishika ile mipira, akaifuata kwa mkono taratibu mpaka mezani kwangu.

Na kompyuta, nawaambieni, ilikuwa bado inakimbia.