Mashua Pana ya Marhoon

Miaka kumi na minane Marhoon bin Sleyum alikaa Glasgow akichora meli za abiria, zile ndefu zenye mabomba matatu na kumbi za kulia zilizotandikwa mazulia. Jina lake halikuandikwa kwenye mchoro hata mmoja, lakini ngazi za meli zile alizipima yeye, akajua hivyo, ikamtosha. Baadaye alirudi kwao Unguja. Mwaka 1964, mambo yalipoharibika, aliingia Maskati akiwa na umri wa miaka sitini na miwili, mkononi bomba la bati lenye karatasi zake.

Mkewe, Bi Kheiria, alimfuata mwaka wa pili. Meli ilitia nanga mbali, maana gati la meli kubwa halikuwapo, na abiria wakashushwa kwa ngazi ya kamba. Mashua iliyowapokea ikapanda na wimbi, ikashuka ghafla, na Bi Kheiria akatia mguu hewani. Baharia alimdaka mkono akamvuta, lakini kifundo cha mkono wake kilivunjika.

"Pole, mke wangu," Marhoon alimwambia nyumbani.

"Sitaki pole. Wewe si ndiye mtu wa meli? Nnataka mashua ya kushukia kama binadamu, si kama gunia la mchele."

Wiki hiyo hiyo Marhoon alichora mashua pana, yenye ngazi imara ya mbao na vishikio pande zote mbili, itakayofika mpaka mlangoni mwa meli. Aflah, tajiri mwenye mashua za abiria, aliutazama mchoro akampeleka kwa Thabit, fundi wa mashua wa Matrah, mji wa jirani, aliyewahi kuishi Pemba. Thabit alijenga kwa jicho tu, karatasi hakuzizoea.

"Ngazi ndefu hivi itaipindua, mzee wangu."

"Haipinduki. Nimeshapiga hesabu."

"Bahari haijui hesabu, sheikh."

"Inazijua kuliko mimi na wewe."

Thabit alicheka, lakini aliinama tena juu ya karatasi. Akaweka kidole kwenye mkuku, ule mti wa chini kabisa unaoshika mashua. "Hapa kwetu wimbi hupiga ubavuni. Huu uzidishe kina." Tangu ujana wake Marhoon hakuwa amefuta mstari mbele ya mtu. Aliufuta ule mstari, akauchora upya chini zaidi.

Mashua ilipokamilika, Aflah alikataa kupakia abiria mpaka aone kwa macho yake. Basi asubuhi moja Marhoon aliwaita hamali arubaini wa sokoni, akawataka wapande wote wasimame upande mmoja. Hakuna aliyejongea. Bi Kheiria akalikusanya buibui lake, akapita katikati yao, akaenda kukaa ukingoni kabisa mwa mashua.

"Mnangoja nini? Huyu mume wangu ana mengi, lakini hajapata kunizamisha."

Wakacheka, wakapanda. Mashua ikalala ubavu. Maji yakapanda, yakapanda, na hamali mmoja akaanza kusoma shahada kwa sauti. Kwa hesabu za Marhoon yangesimama vidole vinne chini ya ukingo. Yakasimama vidole sita.

Marhoon akamgeukia Thabit. "Viwili hivyo ni vya mkuku wako."

"Na vinne vyako," Thabit akajibu. Siku ile ile akaomba aachiwe ule mchoro.

Mashua ilianza kazi mwaka 1967. Mwisho wa 1970, jamaa walipoanza kuja kwa makundi kutoka Afrika Mashariki, zilikuwa tatu, na ya tatu Thabit aliichora mwenyewe kwa penseli, Marhoon akairekebisha mahali pamoja tu. Meli ikifika, mzee husimama chini ya ngazi kwa kanzu iliyopigwa pasi, akiwakemea mabaharia wanaokimbilia kuwavuta akina mama kwa mikono.

"Waacheni," huwaambia. "Watashuka wenyewe."