Nilimrusha mama wa Bujonde mtandaoni kwa "kulowesha kokoa"

Wakuu, heshima kwenu. Hii sijahadithiwa, imenitokea mwenyewe, na aibu ni yangu.

Nina page ya habari za Kyela. Followers si wengi kivile, ila nikipost hata ndugu zetu wa upande wa Malawi wanaona. Uhuru wa habari naupigania na nitaendelea kuupigania.

Msimu uliopita napita Bujonde na pikipiki, namuona mama nyuma ya nyumba yake anamwagia maji kokoa kwenye beseni.

Kwa wasiojua, kokoa ya kuuza inatakiwa iwe kavu. Kuna wajanja wanailowesha ili uzito upande.

Nikasema leo nimewanasa! Nikazoom palepale barabarani, nikapost: "WACHAKACHUAJI HAWA HAPA." Sura yake inaonekana vizuri kabisa.

Jioni ile video iko kila group.

Siku ya kupeleka mzigo, chama cha ushirika kikakataa magunia yake. Mama wa watu, mjane, shamba ndilo linalomlisha. Wakaanza kumwita Mama Maji.

Binamu yangu, jirani yake, akanipigia: "We kaka, una akili kweli? Zile zilikuwa mbegu za kitalu!"

Alikuwa sahihi. Mbegu za kupanda zinasuguliwa na majivu, zinaoshwa mpaka utelezi utoke. Na mimi ni mtoto wa mkulima wa kokoa, nimeziosha sana utotoni! Tamaa ya views, wakuu.

Nikaenda kwake, nikamsalimia kwa Kinyakyusa: "Mugonile, mama." Akaitikia, akanipa na kigoda. Nikaungama yote.

Akaniuliza, "Toka barabarani mpaka hapa ni hatua ngapi, mwanangu?"

"Kama thelathini."

"Si ungekuja tu ukauliza. Ningekupa na ndizi."

Nililia, sifichi.

Kesho yake tukaongozana mpaka ghalani kwa ushirika, nikasimama mbele ya wakulima nikasema mwongo ni mimi. Watu wa chama wakapima kokoa yake. Kavu kabisa, ikapokelewa.

Nikapost video ya kumsafisha. Views hata robo ya ile ya kwanza hazijafika. Ile ya kwanza nimeifuta, lakini watu walishaisave. Juzi sokoni kuna mtu kamwita Mama Maji nimesimama hapohapo.

Siku hizi sirushi kitu kabla sijatembea zile hatua thelathini.

Wenye page humu, nyie mkikosea mnarekebishaje? Na wa kuniponda aniponde, nimestahili.

Ila ile video ikikufikia, tafadhali usiiforward. Mjibu aliyekutumia kwamba zilikuwa mbegu.