Mbibo wa Bi Zuhura

Naikumbuka siku ile kwa harufu yake, mwanangu. Yalikuwa majira ya mabibo, nami ni mke mpya hapa Miburani, sijamaliza hata mwaka. Upepo ulivuka ua wa makuti kutoka kwa jirani yangu, Bi Zuhura, ukaniletea harufu ya pombe.

Niseme kweli: mimi ni mtu wa kushuku. Hata wewe, ukija kunisalimu mara mbili kwa siku moja, nitajiuliza unataka nini.

Bi Zuhura alikuwa mjane mwenye binti mmoja, Mwanaidi, aliyekwisha kuposwa na watu wa Utende. Alikuwa na mbibo wa kale, yaani mkorosho, mbegu ya babu yake. Mabibo yake yalikuwa madogo, ngozi ya kahawia, imekwaruzika kama ya kiazi. Lakini ukiling'ata moja, utamu mtupu, wala hayana ule ukakasi wa kukaba koo. Mengine tulikula. Mengine aliyakamua, maji yake akayatia mitungini, akafunika kitambaa na kuifungia mitungi chumba cha uani.

Kwa nini afunge? Nilijiuliza hilo siku mbili nzima. Siku ya tatu ndipo ikaja harufu. Nikachungulia kwenye upenyo wa makuti, nikamwona mvuvi wa dago, wale wageni wanaopiga kambi ufukweni msimu wa samaki, akiingia na dumu tupu na kutoka nalo limejaa. Nikasema, haa! Mtu mzima, tasbihi mkononi, anawauzia wageni pombe!

Sikubisha hodi. Nilikwenda kisimani nikamnong'oneza shoga yangu mmoja tu, tena kwa kumwapisha. Naye akamwapisha mwenziwe. Kufika Ijumaa kila mtu ameapa na kila mtu anajua. Lisemwalo lipo, wakasema, na kama halipo laja. Sahani ya wali aliyoipeleka Bi Zuhura kwenye khitma ikarudi kwake haijaguswa. Watu wa Utende nao wakaleta neno: mti ule ukatwe kwanza, ndipo wao wafikirie kama posa ipo.

Akaukata. Nilisimama uani kwangu nikisikia shoka, na moyo wangu, Mungu anisamehe, ukasema: asiye na hatia angekata? Shaka haishibi, mwanangu. Ukiipa jibu hili, inataka jingine.

Alasiri Bi Zuhura akaniita. Nikaenda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Onja." Akanipa kijiko kilichotoka mtungini.

Ilikuwa siki. Siki kali ya kufumbisha macho, ile ya kutilia achari.

"Siki hunuka pombe kabla haijageuka," akasema. "Naifungia mtu asije akainywa kabla ya wakati wake. Yule wa dago alichukua ya mwaka jana, hutilia pweza wake. Ungebisha hodi ningekwambia."

Nikamuuliza amejuaje kuwa ni mimi.

"Makuti yale unayochungulia wewe, hata mimi nakuona."

Nililia, nikamwomba radhi. Akasema amenisamehe, ila neno nililolitoa nikalirudishe mwenyewe. Nikazunguka nyumba kwa nyumba. Kila niliyemwendea alisema, "Aa, sisi hata hatukuamini," na sahani za Bi Zuhura ziliendelea kurudi. Utende nilikwenda kwa miguu. Wakanikirimu kahawa, wakaniambia kijana wao wamekwisha kumposea kwingine.

Niliporudi na habari hiyo, Mwanaidi alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama amekusamehe," akasema. "Mimi bado."

Baadaye nilimwomba Bi Zuhura korosho za mti ule. Nilizitia majini, nikachagua zilizozama, maana inayoelea haina kitu ndani, nikazipanda pale pale miti itakapokaa, kwa kuwa mbibo haupendi kuhamishwa. Mmoja ulizaa mabibo yale yale ya kahawia, na siki ya nyumba hii hutoka huko. Lakini Mwanaidi aliolewa mbali, na mpaka leo tukikutana misibani hunipa mkono bila kuniangalia usoni. Inaniuma. Umri wote huu, bado inaniuma.

Ninyi siku hizi hata kisimani hamwendi. Mnatuma sauti kwenye simu, na kabla chai haijachemka kijiji kizima kimeshasikia. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, mwanangu. Sikukatazi kushuku, mimi mwenyewe sijaacha. Lakini ukishuku, nenda kwanza mlangoni kwa mwenyewe, ubishe hodi, umuulize, na akikupa kijiko, onja. Usipoweza kwenda kwake, basi usiende kwa mwingine yeyote.

Mwenyezi Mungu akupe majirani watakaokuuliza kabla ya kukusema, na akujaalie uwe jirani wa namna hiyo, si kama nilivyokuwa mimi. Amina.