Mkono Juu ya Chungu

Mwezi uliopita nilimpeleka binti yangu kwetu Mtinko. Anaelekea miaka mitatu na alikuwa bado hajasema neno. Hospitali walimpima masikio wakasema ni mazima, tuzidi kuzungumza naye. Lakini unanijua, rafiki yangu, roho yangu haikutulia.

Nilipoingia uani harufu ya mlenda ikanipokea, na palepale nikamkumbuka bibi. Jiko lake lilikuwa ndani ya tembe, nyumba yetu ya udongo, moshi wa kukutoa machozi, na kando ya chungu alikaa mdogo wangu wa kiume. Naye alichelewa kusema. Jirani alishamkatia tamaa: "Huyu bubu, mzoeeni tu." Sisi kwa huruma tukawa tunamsemea kila kitu. Akinyoosha kidole kwenye kibuyu, maziwa yashafika.

Bibi hakutaka mchezo huo. Aliongea naye kutwa, akipeta mtama, akichambua mboga, Kinyaturu na Kiswahili humohumo, na akimuuliza kitu anasubiri. Kila jioni alichota chumvi kiganjani, akainua mkono juu ya chungu: "Baba, niweke?" Kisha kimya. Sisi wenye njaa tunapiga kelele, "Weka, bibi!" Anatugeukia: "Nimewauliza ninyi?" Ugali ulipoa mara nyingi, na bibi aliridhika na mguno wa mtoto tu.

Mpaka jioni moja mtoto akasema, "Weka." Kwa furaha bibi akamwaga chumvi yote. Mlenda ule haukuwa wa kulika, na tuliumaliza.

Sasa tembe imebomoka, pamebaki udongo unaochezewa na kuku, na bibi hayupo. Huyo aliyeitwa bubu ndiye anayenadi ng'ombe mnadani, sauti yake inafika barabarani. Kila jioni tuliyokaa pale alichota chumvi, akainua mkono, akamuuliza binti yangu: "Mama, mjomba aweke?" Nilipofungua mdomo nimjibie mwanangu, kama nilivyozoea, alinikata jicho. Tukapata miguno, nikajifunza kufunga mdomo.

Siku ya kuamkia safari mkono ukainuliwa tena. Tukangoja. Binti yangu akautazama kwa muda mrefu.

"Eka."

Bibi hakuwepo kumsikia, na hilo liliniuma. Mlenda ulikuwa chumvi tupu. Niliomba niongezewe.